Magamba ya kijivu kwenye mikahawa na miparachichi: yanaua mti au ni dalili ya hewa safi?

Kihamba_Juu
Wakuu, habari za leo. Hapa kwetu Marangu mikahawa ya zamani na miparachichi imejaa magamba ya kijivu na ya kijani iliyopauka, na kwenye matawi ya juu kuna mengine marefu yananing'inia, watu huyaita ndevu za miti. Zamani hayakuwa mengi hivi. Jirani yangu kaambiwa ni fangasi, kakwangua shamba zima kwa panga na sasa anataka kung'oa mikahawa miwili. Mimi nilisoma kwamba hizo ni laikeni na zikionekana ujue hewa ni safi, kwa hiyo nimeacha. Ila kuna kitu kinanisumbua: kama ni hewa safi tu, mbona mti wenye magamba mengi ndio unaozaa kidogo? Mwenye ujuzi anieleweshe.

Ngosha_88
Fangasi ni fangasi mkuu. Piga mrututu, ile dawa ya shaba, yatakauka yenyewe. Wazee walikuwa wanapaka chokaa kwenye shina, unadhani walikuwa wanapamba?

Fundi_Maabara
Ngosha, taratibu. Laikeni si fangasi peke yake. Ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama mwili mmoja. Kuvu hujenga umbo na kushika maji. Mwani, au wakati mwingine bakteria wa kijani-buluu, hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kuvu hula humo. Mswisi Simon Schwendener alitoa hoja hiyo 1867 na wakubwa wa fani wakamkatalia kwa miaka mingi.

Cha muhimu kwa Kihamba: laikeni haina mizizi. Vinyuzi vyake vinashika gome la nje tu, ambalo tayari ni mfu. Maji na madini inapata kwenye mvua, ukungu na vumbi. Hainyonyi mti. Usiichanganye na kile kimea kinachojipandikiza kwenye tawi na kupenyeza mizizi ndani, kile kinanyonya kweli.

Jaribio la bure: mwagia magamba maji. Yakibadilika kutoka kijivu kuwa kijani mbele ya macho yako, hiyo ni laikeni, mwani wake umeonekana kupitia ngozi iliyolowa.

Kihamba_Juu
Nimemwagia sasa hivi. Yamekuwa kijani kabisa! Asante Fundi. Lakini swali la mavuno liko palepale.

Bibi_Shamba
Kihamba mwanangu, umeligeuza jambo. Mti hauzai kidogo kwa sababu ya magamba, magamba yamekuja kwa sababu mti umechoka. Mti wenye afya una majani mengi, ndani ya matawi ni giza. Ukidhoofika majani yanapukutika, jua linaingia mpaka kwenye shina, na hivyo vitu vinapenda mwanga. Tena mti unaokua haraka gome lake linatanuka na kubadilika, uliosimama kukua gome linatulia na magamba yanapata muda.

Mimi niko Muheza, nina machungwa. Mti mmoja ulivaa magamba mpaka watu wakasema umerogwa. Nilichimba pembeni, mizizi ilikuwa imeoza kwa maji yaliyokuwa yanatuama. Ungekwangua shina mwaka mzima usingeponya mizizi. Chimba kwanza, panga baadaye.

Ngosha_88
Bibi shikamoo. Lakini magamba si yanashika unyevu na kuficha wadudu? Mimi nimeinua nikakuta vidukari na mayai ya wadudu chini yake.

Bibi_Shamba
Marahaba. Wadudu utawakuta, na buibui wanaowala hao wadudu utawakuta pia. Umewahesabu wote au uliona wa kwanza ukakimbilia dawa?

Dada_Bremen
Naingia kwenye hili la hewa safi kwa sababu huku Ujerumani naliona kila siku. Ni jambo la kale. Mwaka 1866 mtaalamu wa laikeni, William Nylander, aliandika kuhusu laikeni za bustani ya Luxembourg, Paris, akaona kwamba nyingi zinakwepa hewa ya mjini, na akapendekeza zitumike kama kipimo cha ubora wa hewa. Baadaye moshi wa makaa ya mawe ukaleta gesi ya salfa, na miti ya miji ya viwanda ikabaki mitupu. Mwaka 1970 Hawksworth na Rose walichapisha kwenye jarida la Nature ngazi ya kuanzia 0 hadi 10 kwa ajili ya Uingereza na Wales: unatazama ni aina gani za laikeni ziko kwenye gome, unakadiria salfa iliyomo hewani. Huhitaji mashine.

Ila kauli ya "laikeni ni hewa safi" ni fupi mno. Kuna moja, Lecanora conizaeoides, ilistawi hasa pale penye salfa ambapo wenzake walikufa, na hewa ilipotakata ikaanza kupotea. Nyingine ya rangi ya manjano, Xanthoria parietina, huongezeka palipo na amonia ya mifugo na mbolea. Kwa hiyo Kihamba swali si kama zipo, swali ni zipi. Una zizi karibu na hiyo miti?

Kihamba_Juu
Dada, kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, kisicho na ng'ombe ni kihamba gani tena? Zizi liko hatua chache kutoka kwenye mikahawa. Lakini magamba yangu ni ya kijivu, ya manjano sijaona.

TaitaMlimani
Fundi, umewataja wakubwa waliomkatalia Schwendener: huyo Nylander wa Dada Bremen ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote, hakukubali mpaka anafariki 1899. Mtu mmoja aliona mbele kuhusu hewa na hakutaka kuona kilicho ndani ya laikeni yenyewe. Alikuwa Mfini.

Na Wafini bado wako nasi. Chuo Kikuu cha Helsinki kina kituo cha utafiti hapa kwetu Wundanyi, Taita, Kenya. Kuna utafiti uliochapishwa 2021 wa laikeni za jenasi Leptogium, zile nyeusi au za kijivu-buluu ambazo zikilowa zinakuwa laini na telezi. Walikusanya Milima ya Taita, Mlima Kasigau na Kilimanjaro, kuanzia savana mpaka juu kwenye vichaka vya baridi, msituni na hata mashambani. Wakasoma vinasaba. Wakapata zaidi ya spishi 70. Zilizokuwa zinajulikana kati ya hizo ni 9. Tisa! Zaidi ya 60 zinaelekea kuwa mpya kwa sayansi. Ndugu yangu Kihamba, inawezekana jirani yako amekwangua kwa panga kitu ambacho hakijapewa jina.

Ngosha_88
Sasa jina litamsaidia nini mwenye kahawa? Jina halipandi kwenye mzani.

TaitaMlimani
Hizo Leptogium ndani yake kuna bakteria wa aina ya Nostoc. Wanachukua naitrojeni ya hewani na kuifunga. Zikianguka chini zikaoza, naitrojeni inaingia kwenye udongo. Wewe hiyo unainunua kwa mfuko.

Mbuni_Mweusi
Mimi nadhani mnazunguka mbali. Kihamba amesema zamani hayakuwa mengi. Zamani kulikuwa na nini? Mrututu! Miaka ile ya chulebuni, ugonjwa wa kuozesha matunda ya kahawa, na kutu ya majani kila shamba la kahawa Kilimanjaro lilipigwa dawa za shaba, tena mara nyingi kwa msimu. Shaba inaua laikeni. Siku hizi kuna miche ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, inayostahimili magonjwa hayo, na wengi wenye mikahawa ya zamani wameacha kupuliza kwa sababu dawa ni ghali. Magamba hayakuja juzi, yamerudi kwao. Kenya pia, tangu aina za kahawa zinazostahimili magonjwa, Ruiru 11, ilipotoka 1985 na Batian 2010, nani anapuliza kama zamani?

Kihamba_Juu
Hoja nzito. Lakini miparachichi haijawahi kupigwa dawa, na imejaa vilevile.

Mbuni_Mweusi
Miparachichi yako iko wapi?

Kihamba_Juu
Katikati ya mikahawa.

Mbuni_Mweusi
Basi pampu ilikuwa inarusha kwenye mkahawa peke yake? Upepo haujui mipaka ya mti na mti.

Dada_Bremen
Mbuni, hoja yako inapimika. Nenda kwenye shamba ambalo halikuwahi kuwa na kahawa, urefu ule ule wa mlima, tazama miti ya umri ule ule. Kama nako magamba yameongezeka, shaba haitoshi kueleza.

Mwanamaua_P
Assalaam alaykum. Mimi niko Pemba. Mikarafuu yetu mikongwe ina madoa kwenye mashina, meupe yenye mistari midogo myeusi, ukiyatazama kwa karibu utadhani mtu ameandika. Hayo hayatushughulishi. Yanayotushughulisha ni madoa ya rangi ya kutu juu ya majani, mviringo, yana manyoya kidogo ukipapasa. Nayo ni laikeni? Maana hayo majani yanapukutika.

Fundi_Maabara
Waalaykum salaam. Ya shinani yenye mistari ni laikeni za jamii ya Graphis, zinapenda magome laini ya nchi za joto na hazina neno.

Ya majanini ni jambo jingine, na nafurahi umeuliza. Mviringo wa rangi ya kutu wenye manyoya kwa kawaida ni Cephaleuros. Huyo ni mwani, si kuvu, na yeye ni kimelea wa kweli, anaingia ndani ya jani chini ya ngozi yake. Hupatikana kwenye chai, mwembe, mparachichi, mkarafuu na miti mingine mingi, hasa penye unyevu mwingi na hewa isiyopita. Ajabu yake ni kwamba huyo huyo akikamatwa na kuvu fulani anageuka kuwa laikeni ya majanini iitwayo Strigula.

Kihamba, na wewe tazama matawi. Ukiona utando mweupe unaokwenda rangi ya waridi, na tawi linakauka kuanzia hapo kwenda juu, huo ni ugonjwa, kata tawi uchome. Usije ukaacha hilo kwa sababu tumekwambia laikeni hazina madhara.

Mwanamaua_P
Ahsante sana. Nitawaonesha watu wa kilimo hayo majani.

Chuo_Mwaka2
Fundi samahani, nikusahihishe kidogo. Umesema kuvu na mwani. Mwaka 2016 Toby Spribille na wenzake walionesha kwenye jarida la Science kwamba kuna mshirika wa tatu, hamira, iliyojificha kwenye ngozi ya nje. Walianzia kwenye laikeni mbili za Montana zinazoning'inia mitini, moja ina sumu ya manjano na nyingine haina, ilhali kuvu na mwani wao ni wale wale. Tofauti ikawa ni wingi wa hiyo hamira. Profesa wetu anasema vitabu vyote vya sekondari vimepitwa na wakati.

Fundi_Maabara
Kijana umesoma vizuri, soma na kilichofuata. Mwaka 2019 timu nyingine ilipitia spishi 339 kwa vinasaba na ikapata hamira hizo kwenye chache tu. Kwa hiyo kwenye hizo za Montana ipo, kwingine kwingi haipo. Kazi yake hasa ni nini, bado watu wanabishana, na mimi naona ni ubishi mzuri. Vitabu visichomwe bado.

MzeeWaMikoko
Nimewasoma wote kimya. Vijana mnazungumza kuhusu hewa na mavuno, hamjui kwamba pwani yetu ilishawahi kuuza vitu hivi kwa meli. Kuna laikeni ya kijivu, nyuzi bapa zinaning'inia, inaota kwenye mikoko, mibuyu na vichaka vya ufukweni. Watu wa kale waliiita marere. Wataalamu wanaiita Roccella montagnei. Karne ya 19 iliokotwa kwenye pwani yote, Somalia mpaka Msumbiji, ikapita soko la Unguja kwenda Ulaya. Huko ililowekwa kwenye amonia kwa majuma, wakati wa kale amonia yenyewe ilikuwa mikojo iliyochacha, mpaka ikatoa rangi ya zambarau ya kutia sufu na hariri.

Kisha mwaka 1856 kijana wa Kiingereza, William Henry Perkin, akatengeneza zambarau maabara. Rangi za viwandani zikafuata moja baada ya nyingine, na marere ikakosa mnunuzi. Bado iko mitini. Nimeiona juzi Kilwa kwenye mikandaa, nyingi tu.

Chuo_Mwaka2
Mzee, na karatasi ya litmasi tuliyotumia kidato cha kwanza, asili yake si laikeni hizo hizo za Roccella?

MzeeWaMikoko
Ndiyo hizo. Kila mtoto aliyechovya karatasi kwenye maji ya ndimu ameshika ndugu wa marere.

Ngosha_88
Hapo sasa mmenigusa! Mzee, bei ya sasa ikoje? Nina jamaa Mafia ana mikoko mpaka mlangoni.

MzeeWaMikoko
Ngosha, tulia. Laikeni hukua milimita chache kwa mwaka. Utavuna mara moja, wajukuu wako ndio watavuna tena. Na mikoko ina sheria zake.

Mama_Tiba
Mimi zile ndefu zinazoning'inia nazichemsha, natia asali, zinasaidia kifua. Kihamba usizikwangue, nitafutie gunia.

Fundi_Maabara
Mama, naomba unisikilize kwa hili. Zile ndefu, Usnea, zina asidi ya usniki. Ni kweli inaua baadhi ya bakteria, na watu wa nchi nyingi wamezitumia kwenye vidonda. Lakini Marekani iliwekwa kwenye vidonge vya kupunguza uzito, watu wakaharibika maini, na mamlaka yao ya dawa, FDA, ikatoa onyo mwaka 2001. Kupaka nje na kumeza kila siku ni mambo mawili. Tena laikeni hufyonza kilichomo hewani, risasi na metali nyingine zikiwemo, na haina pa kukitoa. Ya kando ya barabara kuu usiiguse kabisa kwa ajili ya kunywa.

Mama_Tiba
Bibi yangu alikunywa akafika uzeeni.

Bibi_Shamba
Na wangapi walikunywa hawakufika, nani aliwaandika? Msikilize Fundi, mwenzangu.

Msomi_Uluguru
Naona wote mnatazama mti mmoja mmoja. Tazameni mlima. Tamás Pócs, mtaalamu wa Hungaria aliyefanya kazi Morogoro, mwaka 1980 alichapisha vipimo vya vitu vyote vinavyoota juu ya miti ya Uluguru: laikeni, kigoga (vile vimea vya kijani laini kama zulia), feni, okidi. Kwenye msitu wa ukungu wa juu, ule wa miti mifupi, alipata takriban tani 14 kwa hekta. Kwenye msitu wa chini zaidi, kama tani 2. Na mzigo huo wa juu unaweza kushika makumi ya maelfu ya lita za maji kwa hekta kwa mvua moja, kisha kuyaachia polepole. Maji ya mito ya Morogoro na Ruvu, yanayokwenda mpaka Dar, yanaanzia huko. Anayeita hayo uchafu wa miti afikirie bomba lake.

TaitaMlimani
Msomi, kwenye hizo tani 14 kigoga na udongo unaojikusanya matawini ndivyo vingi. Laikeni ni sehemu ndogo. Na zinakauka upesi kuliko kigoga, kwa hiyo tusizipe sifa yote ya maji.

Msomi_Uluguru
Sehemu ndogo kwa uzito, ndiyo. Lakini ndevu za Usnea zinakamata ukungu ambao haungenyesha. Kilimanjaro ni mfano. Andreas Hemp aliandika mwaka 2005 kwamba moto unaounguza misitu ya juu, ile ya miti ya Erica iliyovikwa ndevu, unapunguza maji ya mlima kuliko kuyeyuka kwa barafu kule kileleni. Dunia nzima inalilia barafu, msitu wa ukungu unaungua na hakuna kamera.

Kihamba_Juu
Hili la moto ni kweli, moshi wake tunauona. Na sasa mmenipa wazo jingine: pengine hewa ya huku chini imebadilika, ukungu wa asubuhi hauko kama zamani, ndio maana magamba yameongezeka?

Mbuni_Mweusi
Ukungu ukipungua laikeni zingepungua, siyo kuongezeka. Narudi kwenye shaba.

Bibi_Shamba
Mikahawa ina umri gani Kihamba?

Kihamba_Juu
Aliipanda babu.

Bibi_Shamba
Shaba, zizi, ukungu... mti wa babu ni mzee! Gome limekuwa na muda wa kutosha kuvaa kila kitu. Mkate juu, uache machipukizi mapya, weka samadi. Utaona machipukizi hayana gamba hata moja.

Ngosha_88
Bibi, machipukizi hayana kwa sababu ni mapya, hiyo haithibitishi kitu! Hata mti wenye afya chipukizi lake halina magamba.

Dada_Bremen
Ngosha kwa mara ya kwanza naungana nawe.

Fundi_Maabara
Kwa wanaopenda takwimu: Italia, jimbo la Veneto, Cislaghi na Nimis walichora ramani ya laikeni za mitini kwenye vituo 662 na kuilinganisha na vifo vya saratani ya mapafu kwa wanaume vijana. Palipo na aina chache za laikeni, vifo vilikuwa vingi. Ilitoka kwenye Nature, 1997. Najaribu kufikiria ramani kama hiyo ya Dar, Nairobi au Mwanza. Miti tunayo, macho tunayo.

Chuo_Mwaka2
Lakini hiyo ni kuendana tu, haioneshi kwamba kimoja kimesababisha kingine. Na miti ya kwetu haifanani. Mpera na aina nyingi za mikaratusi hubambua gome, laikeni hazipati pa kukaa hata hewa iwe safi vipi. Msonobari gome lake lina asidi. Ukilinganisha mpera wa Kariakoo na mwembe wa Lushoto umelinganisha magome, si hewa.

Fundi_Maabara
Ndiyo maana huchaguliwa aina moja ya mti. Mwembe uko kila mahali.

Chuo_Mwaka2
Mwembe wa mjini unapakwa chokaa mpaka kiunoni.

Fundi_Maabara
Tazama juu ya kiuno.

Kihamba_Juu
Jirani amekubali kusubiri. Nimemwambia tuchague mikahawa inayofanana, nusu tukwangue kwa brashi laini, nusu tuache, tupime debe kwa debe. Na tumechimba kwenye ile miwili aliyotaka kuing'oa. Mmoja mizizi ni mizima kabisa, mwingine ina vinundu vidogo vidogo. Picha nitaweka kesho.

Bibi_Shamba
Vinundu! Weka hata leo. Hapo inaweza kuwa minyoo ya mizizi.

Mbuni_Mweusi
Na huo wenye mizizi mizima magamba yake ni mengi au machache?

Kihamba_Juu
Ndio wenye mengi zaidi.

Mbuni_Mweusi
Nilisema. Shaba.

Dada_Bremen
Au mwanga. Uko upande gani wa shamba, na mgrevilea wa kivuli bado umesimama au ulikatwa?